Kumchunguza tapeli mtandaoni bila yeye kujua

Akaunti ya tapeli huwa hai mpaka siku aliyetapeliwa anapoandika "nimeshakujua, mwizi mkubwa wewe". Baada ya hapo jina linabadilishwa, picha zinaondolewa, namba inazimwa, na anayebaki na kitu mkononi ni yule aliyekuwa amehifadhi ushahidi kimyakimya kabla ugomvi haujaanza. Inaniuma kuona mama wa watu anafika dukani kwangu na simu iliyobaki na ujumbe mmoja tu, nao ni wa kwake mwenyewe wa matusi. Kwa hiyo naandika jinsi ninavyofanya, ili wewe unayesaidia ndugu au jirani ufanye vivyo hivyo.

Nina steshenari Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili, Tanga mjini. Natoa fotokopi, naskani, najaza fomu za ajira na za mikopo ya wanafunzi. Wateja wangu ndio haohao wanaowindwa na matapeli: vijana wa Makorora na Mikanjuni wanaosaka kazi, akina mama wa vikoba, watumishi wanaohamishiwa Tanga na kutafuta nyumba kabla hawajafika. Wakiibiwa huona aibu kwenda polisi moja kwa moja, wanaanzia kwangu. Ninachowafanyia kina mpaka. Natazama yale ambayo tapeli mwenyewe ameyaweka hadharani, nayahifadhi vizuri, kisha mwenye shida anakwenda polisi na karatasi zinazoeleweka. Siingii kwenye akaunti ya mtu, hata kama neno lake la siri linakisika. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa, na haisemi kwamba ukiwa na sababu nzuri unaruhusiwa.

Na kabla ya uchunguzi wowote, hela kwanza. Kama pesa imetumwa kwa simu muda si mrefu, acha kila kitu upige 100, huduma kwa wateja wa mtandao wako, utaje namba ya muamala iliyo kwenye ujumbe na uombe pesa izuiwe. Ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni kazi nyingine kabisa. Mtu akifika kwangu anatetemeka na simu mkononi, hatufungui Facebook. Tunapiga simu.

Anza na simu yako mwenyewe

Kikulacho ki nguoni mwako. Watu wanaogopa utaalamu wa tapeli, wakati kinachowataja kwake mara nyingi ni orodha ya majina kwenye simu zao.

Unapoweka Facebook, Instagram au TikTok, programu inaomba ruhusa ya kusoma namba ulizohifadhi. Ukigusa "ruhusu", orodha yote inapanda kwenye kompyuta za kampuni, nayo inatumika kukutanisha watu. Ndiyo moja ya njia zinazoleta yale mapendekezo ya watu unaoweza kuwafahamu. Sasa fikiria umehifadhi namba ya tapeli kwa jina la "Tapeli Nyumba". Kesho yake jina lako na picha yako ya harusi vinaweza kutokea kwenye simu yake kama rafiki anayependekezwa. Hujagusa chochote, na ameshakujua. Kwa hiyo namba ya tapeli iandike kwenye daftari. Usiihifadhi kabisa kwenye simu unayoitumia kila siku.

Dukani nina kompyuta yenye watumiaji wawili ndani ya Windows. Mmoja ni wa kazi za duka, wa pili ni wa kazi hii tu, na humo kuna Firefox ambayo sijawahi kuingiza barua pepe yangu wala kufungua akaunti yangu yoyote. Kama huna kompyuta, tafuta simu ya zamani, irudishe kama ilivyotoka kiwandani, usihamishie majina, na kila programu inapoomba kusoma namba zako au kujua ulipo, ikatalie.

Wengi wanategemea lile dirisha la faragha la kivinjari. Dirisha hilo linazuia historia isibaki kwenye kifaa chako, basi. Tovuti unayoifungua bado inaiona anwani yako ya intaneti (IP, namba ya muunganisho wako) na aina ya kifaa unachotumia.

Kuhusu laini ya simu: tumia yako, iliyosajiliwa kwa alama za vidole vyako. Laini zinazouzwa mkononi zikiwa "zimeshasajiliwa" zina jina la mtu mwingine asiyejua, na ukizitumia umejiingiza kwenye kosa lilelile unalolichunguza. (Kama hujawahi, piga *106# uangalie ni laini ngapi ziko kwa kitambulisho chako.) Facebook kuijua namba yako si tatizo, cha muhimu ni tapeli asiione. Ingia kwenye mipangilio ya faragha, tafuta sehemu ya nani anaweza kukupata kwa namba ya simu, chagua "mimi tu". Kwenye Telegram ficha namba kwa watu wote. Kwenye WhatsApp ficha picha, muda wa mwisho kuonekana na maelezo yako.

VPN, programu ya kuficha anwani yako ya intaneti, naulizwa sana. Mwaka 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitangaza kwamba watu na kampuni zinazotumia VPN zitoe taarifa za matumizi hayo kabla ya 30 Oktoba mwaka huo, kwa hiyo hapa kwetu si kitu cha kuwasha kiholela. Na kwa kazi ninayoieleza, huihitaji. Ukitazama ukurasa wa mtu Facebook, ni Facebook inayoona anwani yako ya intaneti, mwenye ukurasa haioni. Anaiona pale tu unapofungua tovuti yake mwenyewe, na hilo nalifikia mbele.

Akaunti ya kutazamia

Vingi utaviona bila akaunti yoyote. Kurasa za biashara za Facebook, chaneli za wazi za Telegram zikifunguliwa kwenye kivinjari, video za TikTok, yote hayo hufunguka kwa kiasi fulani kabla hujaombwa kuingia. Anza hapo.

Ikibidi uwe na akaunti, Instagram, TikTok na X zinakubali jina la utani. Facebook inataka jina unalotumia kwenye maisha ya kila siku, na akaunti ya jina la kubuni wanaweza kuifunga wakati wowote. Mimi nina akaunti moja ya jina la utani Instagram na nyingine TikTok. Picha yake ni mlango wa zamani, hakuna sura ya mtu. Inafuata kurasa za mapishi, habari, na Coastal Union, kwa sababu akaunti iliyofunguliwa jana na inayotazama ukurasa mmoja tu hushtua hata mifumo yenyewe. Haina rafiki, haimwandikii mtu, haiombi urafiki.

Picha ya binti mrembo uliyoiokota mahali, usiiweke kamwe. Wapo wanaofundisha hivyo, kwamba jifanye mchumba, tapeli atajileta. Kujifanya mtu mwingine aliye hai ni kosa ndani ya sheria hiyohiyo ya 2015, na yule binti mwenye picha hakuomba kuwa chambo. Zaidi ya hapo, ukishaanza kuzungumza na tapeli umetoka kwenye kutazama, umeingia kwenye mtego wa kutegana naye, na yeye anaifanya kazi hiyo kutwa.

Mahali ambapo mtandao utakutaja

Facebook haimwambii mtu nani ametazama wasifu wake, na programu zinazodai kukuonyesha hilo ni za uongo. X nayo haisemi. Lakini zifuatazo zinasema, na inafaa uzijue kwa kichwa.

Zile picha na video za saa 24, ziwe za Instagram, Facebook au WhatsApp, humwonyesha mwenyewe orodha ya waliotazama. Tapeli wa viwanja huweka mambo mengi huko, kwa hiyo zina faida, ila jina lako litabaki. Njia yangu ni kumtumia aliyetapeliwa mwenyewe: yeye tayari ni mfuasi wake, jina lake kuonekana pale si jambo geni. Anafungua kwa simu yake, tunarekodi kioo, tumemaliza. Hali ya WhatsApp hata hivyo huioni mpaka wewe na yeye muwe mmehifadhiana namba, kwa hiyo hapo huna ujanja mwingine. Zile tovuti zinazojidai kukufungulia picha za saa 24 "bila kuonekana" nazikwepa kabisa, nyingine hazichoki kukuomba neno lako la siri.

TikTok ina historia ya watazamaji wa wasifu. Ikiwa imewashwa kwako na kwake, ataona umepita ndani ya siku 30 zilizopita. Izime kabla hujatafuta jina lake. LinkedIn inatangaza waliokutazama, mpaka uchague kutazama kwa faragha. Truecaller, programu ya kutambua namba, pia ina sehemu ya kumwonyesha mtu nani ametazama wasifu wake, na watu wengi hawajui, wanaipekua namba ya tapeli kwa akaunti yenye jina lao kamili. Matangazo ya moja kwa moja, iwe TikTok au Instagram, hutaja jina lako unapoingia. Na kidole: ukiteleza ukagusa moyo kwenye picha ya miaka miwili iliyopita, hata ukiutoa papo hapo, taarifa inaweza kuwa imeshafika kwenye kioo chake. Ndiyo sababu napenda kompyuta kuliko simu. Kipanya hakitelezi kama kidole gumba.

Makundi ya WhatsApp nayasema peke yake kwa kuwa ndiko "uwekezaji" unakouzwa. Ukiingia kwenye kundi, namba yako inaonekana na wanachama wote, na tangazo la kuingia kwako linatokea. Usiingie. Mtafute aliyemo tayari, kwa ridhaa yake atumie chaguo la kuhamisha mazungumzo yote kuwa faili. Utapata ujumbe uliomo kwenye simu yake, tarehe, saa, na namba au majina ya walioandika, na kundini hakuna atakayejua.

Google Docs ni mtego mwingine. Tapeli wa ajira anatuma hati ya "mkataba". Ukiifungua ukiwa umeingia kwenye Gmail yako, picha na jina lako vinaweza kutokea juu ya hati hiyo upande wake, wakati uleule. Fungua kwenye kile kivinjari kisicho na akaunti.

Kiungo usichokifungua hakikudhuru

Kiungo kinachokwenda kwenye tovuti ya tapeli ndicho kinachomfikishia anwani yako ya intaneti, aina ya simu na saa uliyofungua. Kuna huduma zinazotengeneza viungo vya namna hiyo kwa makusudi. Ukitumiwa kiungo kifupi wewe peke yako, ukakibonyeza, amejua kuwa uko macho na uko upande gani wa nchi.

Kinakili bila kukifungua, kisha kibandike kwenye urlscan.io. Tovuti hiyo inakifungua kwa niaba yako na kukurudishia picha ya ukurasa. Angalia kabla hujabonyeza, kwa kawaida uchunguzi unawekwa hadharani na yeyote anaweza kuuona, kwa hiyo chagua usionekane kwenye orodha ya wazi. VirusTotal nayo inafaa kwa viungo na mafaili ya kutilia shaka, ila usipandishe humo nakala ya kitambulisho cha NIDA au hati ya mteja, kwa sababu mafaili yanayopandishwa yanaweza kufikiwa na watu wengine.

Kwa ajira, kagua mwisho wa anwani. Tovuti za serikali yetu huishia .go.tz, na nafasi za utumishi wa umma huombwa kupitia portal.ajira.go.tz. Kijana alileta tangazo la kazi za bomba la mafuta Chongoleani, lenye nembo, lenye muhuri, na fomu iliyomtaka elfu thelathini ya "vipimo vya afya". Fomu ilikuwa ya Google, ya bure, ambayo hata mtoto wa kidato cha pili anaitengeneza. Utapeli huo tulihitaji muda mfupi tu kuutambua.

Nyumba ya Raskazone

Hapa ndipo pa kukaa, maana picha zinasema mengi kuliko maneno ya tapeli.

Mwalimu mmoja alihamishiwa Tanga kutoka Dodoma. Aliona Facebook nyumba ya vyumba vitatu, Raskazone, karibu na bahari, laki tatu kwa mwezi. Dalali alitaka laki mbili za "kushikilia". Alipofika mjini kwa shughuli za kuripoti akaingia dukani kuchapisha barua, akaniambia:

"Dada, huyu jamaa anasema wapo wengine watatu wanaitaka, nifanye haraka."

"Umemjibu nini?"

"Bado."

"Basi usimjibu chochote, wala usimwambie uko Tanga. Nipe jina la ukurasa."

Picha zilikuwa tano. Ya tatu ilionyesha geti limefunguliwa, na nje ya geti, kwa mbali, kibanda cha wakala. Nilikuza. Kibanda kilikuwa cha kijani, na maandishi yaliyosomeka ni Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya. Kwetu M-Pesa ni ya Vodacom, vibanda vyake ni vyekundu. Pembeni ya kibanda palisimama pikipiki, pleti yake ilianza na KM. Pikipiki za Tanzania pleti zake huanza na MC. Nyumba ile ilikuwa Kenya.

Picha ya sebule haikuwa na kitu cha nje, lakini ilikuwa na saa ya ukutani, na tarakimu zake zilikuwa zimegeuka kama unavyoziona kwenye kioo. Matapeli hugeuza picha kushoto kulia ili isipatikane kirahisi ikitafutwa. Niliigeuza kurudi ilivyokuwa kwa programu ya kawaida ya picha, nikaipandisha Google Lens, likaja tangazo la nyumba ya Nyali, Mombasa, lenye picha zote tano na nyingine zaidi. Kutafuta kwa picha hakumpelekei mwenye picha taarifa yoyote, iwe kwa Google Lens, TinEye au Yandex. Tumia zote tatu, maana inachokosa moja hukipata nyingine, na mara nyingine kata kipande kimoja tu, kama dirisha au kapeti, utafute hicho.

Usitarajie kupata mahali picha ilipopigwa kutoka ndani ya faili lake. Facebook na WhatsApp huondoa taarifa hizo picha inapopita. Hubaki pale picha ilipotumwa WhatsApp kama hati, kwa hiyo ukiona imekuja kwa njia hiyo, iangalie.

Kisha nikafungua sehemu ya uwazi wa ukurasa, ambayo Facebook humwonyesha yeyote. Humo utaona ukurasa ulifunguliwa lini, umebadilishwa jina mara ngapi, na wakati mwingine wanaouendesha wako nchi gani. Ule wa "nyumba Tanga" ulizaliwa ukiwa ukurasa wa nywele za bandia. Instagram nayo ina maelezo kuhusu akaunti, yenye mwezi wa kujiunga. Kama tapeli analipia matangazo, maktaba ya matangazo ya Meta iko wazi kwa kila mtu, huhitaji hata kuingia, na huko utayakuta matangazo yake mengine yanayoendelea kwa sasa. Watu wachache sana hapa wanaitumia, nami naona ni hasara.

Namba ya simu itafute kwenye Google kwa maumbo yote: ikianza na 0, ikianza na 255, ikianza na +255, ikiwa na nafasi katikati na isiyo na nafasi, kila moja ndani ya alama za kunukuu. Namba ya dalali huyu ilitokea kwenye tangazo la kuuza pikipiki Morogoro, kwa jina tofauti kabisa. Unaweza pia kuiingiza kama unayetaka kutuma pesa, jina lililosajiliwa likatokea, ukafuta kabla ya kuweka namba ya siri. Yeye hapati ujumbe. Ila jina hilo ni la laini, na laini inaweza kuwa ya bibi aliyeazimwa kitambulisho chake. Vilevile majina ya Truecaller yanatokana na jinsi watu walivyomhifadhi mtu. Andika "laini imesajiliwa kwa jina fulani". Usiandike "tapeli ni fulani".

Na sura. Picha ya wasifu ya dalali yule ilikuwa ya mwanaume mwenye suti. Niliitafuta nikaikuta kwenye ukurasa wa mtu mwingine wa nchi nyingine, mwenye jina lake na kazi yake halali. Naye ameibiwa, kaibiwa uso. Kila nikiona kwenye kundi la WhatsApp picha ya mtu imeandikwa "TAPELI HUYU, SAMBAZA", roho inaniuma, kwa sababu ninajua uwezekano mkubwa ni kwamba mtu huyo hajui lolote na siku moja atakutana na wenye hasira stendi ya Kange. Usisambaze sura. Hata ukiwa na hakika, hiyo si kazi yako.

Kuhifadhi

Hifadhi siku hiyohiyo unapoona, usisubiri kumaliza kuchunguza. Piga picha ya kioo ikiwa na anwani ya ukurasa juu na saa ya kompyuta chini. Rekodi video ukiteremka polepole kutoka juu ya ukurasa mpaka mwisho. Hifadhi ukurasa mzima kama faili. Viungo unavyonakili kutoka ndani ya TikTok au Instagram mara nyingi vina mkia baada ya alama ya kuuliza, na mkia huo unaweza kubeba utambulisho wa akaunti iliyokinakili. Ukate, ubaki na anwani tupu, hasa kama utamtumia mtu mwingine. Kwa Facebook, andika pia ile namba ndefu ya utambulisho wa ukurasa. Tapeli atabadilisha jina, ila namba hiyo haibadiliki.

Tovuti yake, kama anayo, iweke pia kwenye Wayback Machine ya Internet Archive. Nakala hiyo inakuwa ya wazi kwa wote na inabeba tarehe, na tarehe iliyowekwa na mtu wa tatu inaweza kuaminika kuliko ya kompyuta yangu. Kurasa za Facebook mara nyingi hazikubali kuhifadhiwa humo.

Daftari langu lina safu nne: tarehe, saa, anwani, nilichokiona. Saa naiandika kwa mtindo wa saa 24, mfano 15:20, na si saa tisa na dakika ishirini. Nimeona maelezo ya mtu yakisema saa tisa wakati picha ya kioo inaonyesha 15:20, na aliyesoma akadhani ni vitu viwili tofauti. Baadhi ya mafaili yanayoshushwa mtandaoni hutumia saa ya dunia, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Ukiona tofauti hiyo, iandike pembeni.

Mwisho wa siku, kwa kila faili nafungua dirisha la amri la Windows, naandika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256. Inatoka mistari ya herufi na tarakimu, naibandika kwenye hati na kuichapisha. Faili likiguswa hata nukta moja, mistari hiyo hubadilika yote. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ushahidi wa kielektroniki, na uzito wake unategemea pamoja na mengine jinsi ulivyotunzwa. Huu ndio utunzaji ninaoweza kuonyesha mimi mwenye steshenari.

Ninaowakatalia

Aliwahi kuingia mwanaume, kavaa vizuri, kaongea kwa upole, akataka nimtafutie mke wake aliyeondoka nyumbani na watoto. Alikuwa na akaunti yake ya Instagram na alitaka nijue picha mpya zimepigwa mtaa gani. Najua namna ya kufanya hivyo, umeshasoma mwenyewe hapo juu jinsi kibanda na pleti vinavyotaja mahali. Nilimwambia hapana, na nilimwambia kwa sauti ya kusikika. Mwanamke aliyekimbia amekimbia kitu. Kama kuna suala la watoto, lipo dawati la jinsia na watoto la polisi na ipo ustawi wa jamii.

Vivyo hivyo wanaotaka kumchunguza mchumba, mpangaji, mfanyakazi wa ndani, mgombea wa mtaa mwingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeshaanza kazi, ina Tume yake, na taarifa za mtu hazikusanywi kwa sababu tu ziko mahali pa kuonekana. Swali ninalouliza ni moja: kuna aliyeibiwa au anayekaribia kuibiwa, na yuko tayari kwenda kuandikisha polisi? Kama jibu ni hapana, naendelea na fotokopi.

Kukabidhi

Ujumbe wa kitapeli, kama ule wa "ile hela tuma kwenye namba hii", utumwe 15040 ya TCRA ili namba ishughulikiwe. Kwa aliyepoteza fedha, yeye mwenyewe ndiye mlalamikaji: anakwenda kituoni na kitambulisho chake, anachukua RB (namba ya kumbukumbu ya taarifa yake polisi), anaeleza kwamba ni kosa la mtandao. Wewe ni shahidi wa jinsi ulivyohifadhi, kwa hiyo jina lako liwepo kwenye maelezo. Peleka karatasi ya mbele yenye ukurasa mmoja tu: nani ameibiwa, kiasi gani, lini, kwa namba ipi ya muamala, ukurasa gani, namba gani. Nyuma yake picha kwa mpangilio wa tarehe, na flashi yenye mafaili yaleyale. Usikisie mtaa anapokaa tapeli wala usiende kumtafuta, hata kama unadhani umepajua. Kumjua mwenye laini na mahali alipo ni uwezo wa polisi na kampuni ya simu kwa utaratibu wao.

Kuripoti ukurasa kwa Facebook kusubiri mpaka umekabidhi na mpelelezi amesema sawa. Ukifutwa mapema, kile ambacho hukukihifadhi kimekwenda nao. Ukishakabidhi, futa kwenye kompyuta yako nakala za vitambulisho vya watu, ubaki na daftari na karatasi ya ile mistari ya SHA256.

Mwenye shida abaki kimya. Dalali wa Raskazone alimpigia mwalimu tena, mara nyumba imepungua bei, mara ni ya mwisho. Mwalimu alinyamaza, simu na ujumbe vyote vikawa vinaongezwa kwenye jalada. Kama mpelelezi atataka mazungumzo yaendelee, atamwambia mwenyewe aseme nini.